Ndege ya mafunzo kudunda wakati wa kutua: mbona gurudumu la mbele ndilo huvunjika?

SWALI
Wakuu, mwanafunzi akitua na Cessna 172, ndege inadunda mara mbili tatu, kisha mguu wa mbele unakatika na propela inachapa lami. Kosa linaanzia wapi?

JIBU 1
Kabla hajagusa chini. Mara nyingi ni kasi iliyozidi. Flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) zikiwa chini, kitabu cha mwongozo cha 172S, toleo mojawapo la Cessna 172, kinataka kasi ya noti (maili za baharini kwa saa) 60 hadi 70. Akija na 80, ndege inaelea tu. Anachoka kusubiri, anasukuma usukani mbele. Gurudumu la mbele linatangulia, pua inarushwa juu, mabawa yanashika hewa tena. Anasukuma tena, lakini ndege inachelewa kuujibu mkono wake, ndiyo maana kila mdundo unazidi uliotangulia. Pigo la kutua ni kazi ya magurudumu makuu. Mguu wa mbele hauliwezi.

JIBU 2
Na usiifukuze pua kwa usukani! Mdundo mdogo: ishikilie ilivyo, ongeza nguvu ya injini kidogo, tua upya. Mdundo mkubwa, au wa pili: nguvu zote, kanyaga pedali ya kulia, flapu hadi nyuzi 20, paa. Ukikunja flapu zote kwa mpigo, itazama.

JIBU 3
Propela ikigusa lami hata kwa ncha, tafadhali msibadilishe propela pekee. Injini ifunguliwe, kranki shafti (mhimili mkuu wa injini unaozungusha propela) inaweza kuwa na ufa usioonekana kwa macho. Kagueni pia bati la ukuta wa injini unapofungwa mguu wa mbele: mikunjo midogo, ribiti zilizolegea.