Gumzo la Ukoo: Mtaro wa Huko Pwani

Dada (Pwani): Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari za jioni. Naomba ushauri wa ukoo kabla ya Jumamosi, kwa sababu siku hiyo, kama mwenyekiti wa kitongoji changu, nitaongoza mkutano wa wakazi, na ajenda kubwa ni kupanga kipaumbele cha bajeti ya mwaka wa fedha ujao. Tumeambiwa tupeleke jambo moja la ujenzi. Wavuvi na mama lishe wanataka paa kwenye mnada wa samaki, kwa sababu samaki huuzwa juani na hupoteza bei kabla ya saa nne asubuhi. Wakazi wa upande wa chini, ambako maji huingia majumbani kila masika, wanataka mtaro. Mimi nauelekea mtaro, lakini sioni njia ya kuutetea bila kuwagawa watu ambao wote walinipa kura mwaka 2024.

Shangazi (Uyole): Marahaba binti yangu. Pole na majukumu. Sisi tuliokulea kwenye vilima vya Tukuyu tunajua maji yanavyoshuka, lakini huko kwenye tambarare ya bahari sijui yanaelekea wapi. Msubiri Baba yako Mkubwa, haya ndiyo mambo aliyoyafanya maisha yake yote.

Baba Mkubwa (Tukuyu): Marahaba mwanangu. Kabla hujachagua kati ya paa na mtaro, nieleze kwanza mtaro huo unaanzia wapi, unapita kando ya nini, na unaishia wapi. Nilipokuwa mtendaji wa kata niliona maombi mengi mazuri yakifia njiani, na mara nyingi hayakufa kwa kukosa fedha. Yalikufa kwa sababu yalipelekwa kwa mtu ambaye hata angetaka kusaidia, kitu chenyewe hakikuwa chake.

Dada (Pwani): Baba Mkubwa, upo mtaro wa zamani ambao haufanyi kazi. Unaanzia kwenye barabara ya lami inayoingia mjini, unafuata barabara ya changarawe ya mtaani hadi nyuma ya mnada, kisha unapita pembeni ya mikoko na kuishia ufukweni. Leo asubuhi niliinama kwenye mdomo wake wa chini. Mchanga umejaa hadi imebaki nafasi ya kiganja tu, na juu yake kuna makumbi ya nazi, mifuko na magamba ya samaki. Mfuniko wa zege umepasuka kwa urefu wake wote, na nondo zinazoonekana ndani ya ufa zimeliwa na kutu hadi ukizigusa zinamomonyoka vidoleni.

Baba Mkubwa (Tukuyu): Vizuri, sasa tunaona. Ikiwa hiyo lami ni barabara kuu au ya mkoa, basi barabara pamoja na mifereji yake iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Barabara ya changarawe ya mtaani iko chini ya TARURA, ambayo tangu mwaka 2017 ndiyo inayosimamia barabara za vijijini na mijini zilizokuwa mikononi mwa halmashauri. Mnada ni wa halmashauri, kwa kuwa ndiyo inayokusanya ushuru hapo, na taka zinazotoka mnadani ni mzigo wa halmashauri vilevile. Mikoko ni hifadhi ya misitu, hivyo huwezi kupitisha hata chepeo humo bila kuzungumza na TFS, wakala wa serikali wa misitu. Na ufukweni unakutana na kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kinachokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, isipokuwa kwa utaratibu maalumu. Kwa hiyo mtaro mmoja unaoweza kuutembea kwa dakika chache una wenyewe zaidi ya watatu, na kila mmoja wao anaweza kusema, tena bila uongo, kwamba sehemu iliyoziba si yake.

Binamu (Kyela): Kifungu hicho cha mita 60 tunakijua hata huku Ziwa Nyasa, kwa sababu kinagusa kingo za maziwa na mito pia. Ila Dada, naomba niwatetee wavuvi. Paa la mnada litarudisha fedha kwa njia ya ushuru, mama lishe watapata kivuli, na kila mtu ataliona na kusema mwenyekiti amefanya kazi. Mtaro ukikamilika hakuna anayeuona.

Shangazi (Uyole): Mwanangu wa Kyela, maneno hayo nayapokea kwa shida. Hapa Mbeya, Aprili 14, 2024, Mlima Kawetere uliporomosha tope pale Itezi, likafunika nyumba za watu na majengo ya shule. Tangu siku hiyo simwelewi mtu anayeahirisha mambo ya maji kwa sababu hayaonekani. Huko pwani hakuna mlima wa kuporomoka, najua, lakini mama mwenye mtoto mchanga ambaye kitanda chake kimezungukwa na maji ya mvua yaliyochanganyika na ya choo anaumia kila mwaka bila kutangazwa redioni.

Binamu (Kyela): Nimekuelewa Shangazi. Sisemi mtaro hauna maana. Mwaka hata mwaka tunaona mafuriko yanavyoingia kwenye mashamba ya mpunga. Nasema tu wavuvi nao wasiachwe mikono mitupu.

Baba Mkubwa (Tukuyu): Wala hawapaswi kuachwa, na hapa ndipo ninapotaka mwanangu asikilize kwa makini. Paa na mtaro vimeonekana kama wapinzani kwa sababu tu vimeandikwa kwenye karatasi moja yenye nafasi moja. Fedha zake hazitoki mfuko mmoja. Mtaro ulio kando ya barabara ya mtaani ni sehemu ya barabara hiyo, na TARURA hupata fedha za matengenezo kutoka Mfuko wa Barabara, ambako fungu lao ni asilimia 30 na sehemu kubwa zaidi huenda TANROADS. Aidha, mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Paa la mnada, kwa upande mwingine, ni mradi wa halmashauri, na linaweza kuombwa kwenye mapato ya ndani, kwa hoja kwamba mnada wenyewe ndio unaoyaingiza mapato hayo. Ukipeleka mtaro halmashauri kama kipaumbele chako pekee, utakuwa umewanyima wavuvi nafasi yao na huenda mtaro usipate kitu, kwa sababu utakuwa umeuomba mahali ambapo fungu lake halipo.

Dada (Pwani): Baba Mkubwa, hili hakuna aliyewahi kutueleza. Kwa hiyo nafasi ile moja tuwape wavuvi, na mtaro uende TARURA kwa barua yake?

Baba Mkubwa (Tukuyu): Ndivyo ninavyoshauri, ila barua peke yake haina nguvu. Yote mawili yapitishwe na mkutano Jumamosi, yaandikwe kwenye muhtasari kama maazimio mawili tofauti, na kila azimio litaje linapelekwa kwa nani. Wewe kama mwenyekiti wa kitongoji ni mjumbe wa baraza la mamlaka ya mji mdogo, hivyo utayasemea mwenyewe kwenye baraza, kisha mshikilie diwani wenu ayafikishe baraza la madiwani kabla bajeti haijafungwa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini usidanganyike na tarehe hiyo. Inapofika Machi mambo mengi yameshapangwa, na anayeamka Mei anaambiwa asubiri mwaka mwingine. Nakala ya muhtasari wenye sahihi na muhuri wa mtendaji ipelekwe kwa mkono kwa meneja wa TARURA wa wilaya, na nakala nyingine ibaki nyumbani kwako.

Kaka (Iringa): Kamweneni nyote. Nilikuwa saiti, sasa nimesoma yote. Dada, mambo ya vikao ameyamaliza Baba Mkubwa. Mimi nina wasiwasi na mtaro wenyewe. Ukisema "tunaomba mtaro ukarabatiwe" watazibua mchanga, watafunika ufa kwa saruji, na baada ya masika mbili utarudi hapo ulipo. Nondo hizo hazikuliwa na mvua. Chumvi ya bahari hupenya taratibu ndani ya zege hadi ikaifikia nondo, nondo ikapata kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, hivyo zege hupasuka kutokea ndani. Mara nyingi chanzo ni fundi kutumia mchanga wa ufukweni au maji ya kisima cha chumvi kuchanganyia zege, au kuiacha nondo karibu mno na uso. Kwa mji wa bahari, zege linalofunika nondo lisipungue milimita 50, mchanga utoke mtoni au kwenye machimbo ya bara, na maji yawe baridi, yaani yasiyo na chumvi. Mahali panapowezekana, jengeni kuta za mtaro kwa mawe magumu na saruji bila nondo kabisa.

Dada (Pwani): Kaka, mchanga wa ufukweni ndio unaotumiwa na kila mtu hapa kwa sababu ni wa bure.

Kaka (Iringa): Ndiyo maana nakuomba uliandike hilo kwenye azimio, kwa sababu mkaguzi akija mwishoni hawezi kuonja chumvi iliyokwisha kumwagwa. Sasa jambo la pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi. Ule mdomo wa chini uko juu au chini ya maji ya bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida?

Dada (Pwani): Bahari ikijaa wakati wa bamvua, maji huingia mtaroni na kupanda hadi karibu na mnada. Wakati wa maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, hayafiki.

Kaka (Iringa): Basi mchanga unaletwa na bahari yenyewe, na nyumba za chini zinafurika zaidi mvua kubwa inapokutana na bamvua, kwa kuwa maji ya mvua yanakuta mlango umefungwa na maji ya bahari. Hata ukijenga mtaro mpana mara mbili, siku hiyo maji hayatatoka. Dawa yake ni kuuinua mdomo kadiri mteremko unavyoruhusu, kuuwekea mlango wa bawaba unaosukumwa na maji ya mvua kutoka ndani na kufungwa na maji ya bahari kutoka nje, na kabla ya mdomo kujenga shimo la kukamatia mchanga ambalo mtu anaweza kuingia na chepeo akalisafisha. Nahitaji vipimo. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Siku hiyo piga alama ya rangi kwenye ukuta wa mnada mahali maji yalipofika, upime kutoka alama hiyo hadi sakafu ya mtaro. Mzee yeyote wa huko mwenye ngalawa atakuambia siku na saa.

Shangazi (Uyole): Na huo mchanga wa shimoni atautoa nani? Nauliza kwa sababu hapa kwetu nimeona mitaro mizuri ikigeuka jalala kwa kukosa mwenye zamu. Siku ya uzinduzi watu hujaa, siku ya usafi hawaonekani.

Baba Mkubwa (Tukuyu): Dada yangu umeuliza la msingi. TARURA wana utaratibu wa kuvipa vikundi vya kijamii kazi ndogondogo za matengenezo ya kawaida, kama kuzibua mitaro na kufyeka. Mwanangu, kama una vijana au akina mama walio tayari, wasajiliwe kama kikundi mapema, na kwa vifaa waangalie ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Upande wa taka za mnada ni lazima halmashauri itamke kwenye maandishi kwamba itaziondoa, la sivyo kikundi kitakuwa kinazoa magamba ya samaki badala ya mchanga.

Binamu (Kyela): Hapo ndipo paa na mtaro vinaposhikana. Wavuvi wakipata paa, wakubali nao kwamba hakuna takataka inayosukumwa mtaroni. Wasemewe hivyo mbele ya mkutano.

Dada (Pwani): Ahsante Binamu, hilo nitalisema, na nadhani mzee wa mnada ataliunga mkono kwa sababu mama yake anaishi upande wa chini. Mwaka 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara kuu ya kusini ilipokatika kule Kilwa, kila mtu alijua ni ya TANROADS na mafundi wakawa eneo la tukio kwa haraka. Barabara yetu ya changarawe nayo ilikatika masika yaleyale, tukabaki tukiulizana. Nimeandika rasimu, naomba mniangalizie:

"Azimio la kwanza: Mkutano umeazimia kuiomba halmashauri, kwa mapato yake ya ndani, ijenge paa la mnada wa samaki na kuweka utaratibu wa maandishi wa kuondoa taka za mnada kila siku. Azimio la pili: Mkutano umeazimia kuiomba TARURA ijenge upya mtaro wa barabara ya mnada, kutoka inapoachana na lami hadi ufukweni, kwa mchanga na maji yasiyo na chumvi, wenye shimo la kukamatia mchanga na mlango wa kuzuia maji ya bahari."

Baba Mkubwa (Tukuyu): Rasimu ni nzuri. Ongeza urefu wa mtaro kwa mita, idadi ya kaya zinazoingiliwa na maji, na sentensi moja kwamba TFS na wataalamu wa mazingira wa wilaya washirikishwe kabla ya mchoro, ili asitokee mtu wa kuusimamisha mradi katikati kwa sababu ya mikoko. Idadi ya kaya zihesabu wewe mwenyewe nyumba kwa nyumba, usiikadirie.

Dada (Pwani): Kesho baada ya kufunga genge nitapita na daftari. Ndaga fijo, Baba Mkubwa.

Kaka (Iringa): Na mimi nikipata kipimo cha alama ya bamvua pamoja na kina cha mtaro nitakuchorea mkato wake kwa mkono, uubandike ukutani siku ya mkutano. Kama bamvua haitatokea kabla ya Jumamosi, waulize wakazi wa nyumba ya mwisho maji yaliwafika wapi masika iliyopita. Alama ya chumvi na unyevu bado itakuwepo kwenye plasta, pima hiyo.