Tupeane uzoefu: Wazee wa milima ya Appalachia wamewasimulia nini kuhusu maisha ya miji yao zamani?

BintiKilosa

Wakuu, habari za Jumapili.

Mimi nipo Marekani, kusini mwa West Virginia, mwaka wa sita sasa, nabeba boksi kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Mji wenyewe ni barabara moja, reli moja, kanisa kila kona, na maduka ambayo madirisha yake yamezibwa kwa mbao. Ukipita mchana unaweza kuapa kwamba hapa hapajawahi kuwa na kitu. Lakini usiku wazee hawalali, na mzee asiyelala anasimulia.

Bibi yangu wa chumba cha mwisho ana miaka 93. Juzi akanituma nimvutie kopo la biskuti chini ya kitanda. Ndani kuna vifungo, picha ya harusi, na kisarafu cha shaba kilichotobolewa tundu katikati. Upande mmoja namba 5, upande wa pili jina la kampuni. Nikamuuliza, bibi, hii hela ya nchi gani? Akacheka mpaka akakohoa. "Ya nchi ya kampuni."

Baba yake alichimba makaa ya mawe. Nyumba waliyokaa ya kampuni, daktari wa kampuni, duka la kampuni, hata mchungaji alilipwa na kampuni. Mshahara ulikuwa kwa mwezi mara mbili, na kabla haujafika, mke wa mchimbaji angeweza kwenda dirishani akakopa juu ya siku ambazo mume ameshafanya kazi. Anapewa hizo shaba. Zinanunua unga, mafuta ya taa na viatu, ila kwenye duka lile tu. Ukivuka mlima ukaenda mji wa pili, labda upate mfanyabiashara atakayezipokea kwa thamani pungufu, vinginevyo umebeba vifungo vya koti. Siku ya mshahara inafika, wanakata kodi ya nyumba, makaa ya kupikia, daktari, baruti, hata kunolewa kwa vifaa vya kazi, halafu lile deni la dukani. Anasema baba yake aliwahi kuleta nyumbani karatasi ya mshahara yenye sifuri, akaiweka mezani pole pole kama anaweka yai.

Nikategemea aniambie alilichukia lile duka. Wapi! Alifumba macho akaanza kunitajia harufu: jibini, mafuta ya taa, ngozi ya viatu vipya. Posta ilikuwa humo humo. Desemba waliweka wanasesere dirishani na watoto waliganda pale hadi giza liingie. Nimeshindwa kuelewa mtu anawezaje kupeleka mapenzi kwenye kitu kilichommaliza baba yake, ndiyo maana nimefungua uzi.

Walio huku milimani, Kentucky, Tennessee, Virginia, leteni mliyosimuliwa. Ya kila siku tu: kula, kufua, kazi, simu. Siasa za leo zina jukwaa lake.

---

Mtoto wa Mtabila

Dada, mimi nakuelewa hiyo ya shaba vizuri kuliko unavyodhani. Nimezaliwa kambini Kigoma, wazazi Warundi, tukaletwa Knoxville 2007. Kadi ya mgao wa chakula ilikuwa kama hiyo shaba: ndani ya kambi ni maisha, nje ya geti ni karatasi. Na mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta yale ya mgao najisikia niko nyumbani. Kwa hiyo huyo bibi usimshangae.

Mimi nina mzee wa kanisani. Kwao kulikuwa bonde la mto Clinch, na serikali ilipojenga bwawa la Norris, likaisha 1936, bonde lote likawa ziwa. Walihamishwa walio hai na waliokufa pia. Makaburi yapatayo 5,000 yalifukuliwa yakapelekwa juu. Anasema babu yake alisimama kuangalia mkewe akifukuliwa, kofia mkononi, asubuhi nzima, hakuongea.

Halafu ndiyo umeme ukaja. Nilidhani atanisimulia furaha. Anasema usiku wa kwanza walipowasha balbu mama yake alitazama ukuta, akaona masizi ya miaka yote ya koroboi, akaomba izimwe. Kesho yake alishinda anasugua. Balbu iliwashwa tena baada ya siku tatu.

---

Mama Mishiri

Hamjambo. Niko Kentucky mashariki, nesi. Kwetu ni Bungoma. Wacha nilete ya jikoni kwa sababu hapo ndipo nilishangaa.

Nina shosho mmoja nilikuwa namtembelea nyumbani kumpima presha. Siku moja nikamkuta kwa baraza na debe la mishiri, yaani maharagwe mabichi ya maganda, sindano na uzi. Anatunga mishiri kama shanga! Nikakaa nikasaidia. Zikishajaa uzi urefu wa mkono mnaning'iniza, zinakauka hadi zinakunjamana kama ngozi kuukuu. Wakati wa baridi unaloweka usiku kucha, unachemsha nusu siku na kipande cha nyama ya nguruwe yenye chumvi. Ladha yake si ya mishiri tena, ni kitu kingine, karibu na kunde zilizokauka.

Lakini subirini. Akaniambia mama yake alikuwa na pipa la majivu nyuma ya nyumba. Majivu ya miti migumu, unamwagia maji juu, chini kunatoka maji ya hudhurungi, makali. Wakuu, mimi nililelewa na hayo maji! Sisi Waluhya tunachuja majivu, tunaita musherekha, tunapikia mboga. Wao walitumia kwa mambo mawili. Moja ni sabuni: wanachemsha na mafuta ya nguruwe kwa sufuria kubwa nje. Ya pili ni mahindi: wanachemsha mahindi makavu ndani ya yale maji mpaka ganda linavuka, wanaosha mara nyingi, na mahindi yanabaki meupe, yamefura. Wanakula na maharagwe. Nikamwambia shosho, hiyo ni githeri yenye imevuliwa koti. Mtanzania atasema ni makande. Tulicheka sana, ingawa nadhani yeye alicheka kwa heshima tu.

Nguruwe walichinja baridi ya kwanza kali ikiingia, karibu mwisho wa Novemba, maana friji hakuna, friji ni hali ya hewa. Majirani wote wanakuja, maji yanachemka tangu alfajiri, nguruwe anamwagiwa na kuparwa manyoya. Kila jirani anaenda na fungu lake la nyama freshi, na wakichinja kwao wiki ijayo wanakurudishia. Hakuna mtu alikuwa anaandika.

Kuta za ndani walibandika magazeti kwa uji wa unga ili upepo usipite. Shosho alijifunzia kusoma hapo kwa ukuta, na kuna hadithi moja hakuwahi kujua mwisho wake kwa sababu ukurasa ulibandikwa kichwa chini nyuma ya kabati. Baadaye kukakuja wanawake wa maktaba, wanapanda farasi na mifuko ya vitabu, mpango wa serikali wa 1935 hadi 1943. Na wakunga pia walipanda farasi: Mary Breckinridge alianzisha huduma yake kaunti ya Leslie mwaka 1925, manesi wanavuka mito usiku kwenda kuzalisha. Mimi naenda kwa wagonjwa na gari yenye hita na bado nanung'unika.

---

Mukivu wa Lexington

Mie niko Lexington, si kwa milima sana. Bazee ba huku banasemaka ati zamani laini moja ya simu ilikuwa ya manyumba munane. Ni kweli ao bananicheka?

---

BintiKilosa

Ni kweli kaka. Kila nyumba na mlio wake: huyu mrefu mmoja mifupi miwili, yule mifupi mitatu. Mlio unasikika nyumba zote, na adabu ilikuwa kutoinua kama si wako. Adabu hiyo hakuna aliyekuwa nayo. Bibi anasema walijua mama fulani anasikiliza kwa sababu saa yake ya ukutani ilisikika kwenye simu, tik tak. Wakitaka kumsema vizuri wanasubiri wasikie saa.

---

Kijana wa Morgantown

Mimi nilisoma Morgantown, nikapanga chumba kwa mzee aliyestaafu mgodini. Alinionyesha ndoo yake ya chakula, ya aluminiamu, ya duara, ina ghorofa. Maji chini, chakula katikati, kitu kitamu juu. Maji alijaza mengi kuliko anayoweza kunywa zamu moja. Sikuuliza kwa nini, akaniambia mwenyewe: ili ukifungiwa chini yawepo.

Cha juu, keki au kipande cha pai, hakukila chote. Alikuwa anabakiza makusudi. Akirudi watoto wanamkimbilia barabarani wakigombania kufungua ndoo. Ameniambia keki ile ile ikiwa mezani nyumbani hawaitaki, ila ikishatoka mgodini ina ladha.

Na ule mkate wenye soseji kali ya Kiitaliano ndani unaouzwa kila kituo cha mafuta kule, umetoka kwa wachimbaji Waitaliano wa upande wa Fairmont. Hauharibiki haraka, unaliwa kwa mkono mmoja.

---

Mchimbaji wa Mererani

Nasoma nikiwa Arusha, sijafika huko, ila nimechimba tanzanite miaka 11. Swali: walimulika na nini? Na mwanamke aliruhusiwa kuingia?

---

Kijana wa Morgantown

Mkuu, baba yake mzee alitumia taa ya kabaidi kwenye kofia. Unatia vipande vya kabaidi chini, maji kidogo juu, yakidondoka inatoka gesi, unawasha. Moto wa wazi kabisa, mgodini kwenye gesi! Yeye mwenyewe alikuta taa za betri.

Mwanamke mgodini walisema ni mkosi. Wengine wangeacha kazi siku hiyo.

---

Mchimbaji wa Mererani

Kumbe. Kwetu wapo waliosema hivyo hivyo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipokosa mawe miezi minane bila mwanamke hata mmoja kukanyaga pale ndipo nikanyamaza.

---

Dereva wa I-77

Mnayapamba jamani. Samahani kuingilia uzi mzuri, ila kuna mtu atasoma hapa atamani.

Naendesha lori, napita Bluefield na Beckley kila wiki. Wazee ninaowakuta kwenye migahawa ya barabarani wamebeba mitungi ya oksijeni. Ni vumbi la makaa. Mpaka 1969, baada ya wachimbaji wa West Virginia kugoma, ndipo sheria ya nchi ikakubali kwamba yale mapafu meusi ni ugonjwa wa kazini na yanastahili fidia. Kabla ya hapo waliambiwa ni pumu. Na hata hiyo sheria ilikuja kwa sababu Novemba 1968 mgodi wa Farmington ulilipuka, wakafa 78, na 19 kati yao hawakutolewa hadi leo. Mwaka 1907 pale Monongah walikufa zaidi ya 350 kwa asubuhi moja. Huyo mzee wa Morgantown alijaza maji kwenye ndoo akijua anachokifanya.

Nilipeleka mzigo kaunti ya Logan, nikakwama siku nzima gari imeharibika. Mzee mmoja akanikaribisha barazani kwake, akanisimulia Buffalo Creek. Februari 26, 1972, asubuhi, bwawa la maji machafu ya mgodi lilipasuka juu ya bonde. Walikufa 125, maelfu wakabaki bila nyumba. Yeye alirudi siku ya tatu kutafuta nyumba yake, akakuta ngazi za barazani tu, za saruji, tatu. Alikaa juu yake kwa sababu hakujua afanye nini kingine, na jirani akapita akamsalimia kama kawaida.

Akanyamaza, halafu akaniuliza kama nakula mkate wa mahindi na mtindi. Anauvunja ndani ya glasi ya mtindi, anakula na kijiko. Nimekula. Mzuri. Basi na mimi nimepamba.

---

Mama Mishiri

Dereva uko sawa na asante. Wagonjwa wangu wa mapafu wanalala wameketi.

---

BintiKilosa

Dereva, sijachukia, umeongea haki. Bibi yangu ni mjane wa mchimbaji na kaka zake wawili wako chini ya kilima ninachokiona dirishani. Kila mwaka Jumapili moja ya Mei ukoo wanapanda kufyeka makaburi, kuweka maua, na wanatandika chakula pale pale. Nimewasukumia kiti chake cha magurudumu mwaka jana. Watu wanakula kuku kati ya mawe ya makaburi, watoto wanakimbizana, mtu analia kidogo, anafuta, anaomba chumvi.

Halafu mnajua kitu? Kaunti ya McDowell, jirani yetu, mwaka 1950 ilikuwa na watu karibu 100,000. Sensa ya 2020 imekuta elfu 19 na kitu. Mashine ziliingia, watu wakaenda Detroit na Cleveland. Na pale Welch, makao makuu ya kaunti hiyo, ndipo Mei 1961 zilipotolewa stempu za chakula za kwanza za mpango wa Rais Kennedy, kwa familia ya watu 15. Nilipomsomea bibi akasema, "Tena hela ya dirishani."

Jana nimemsomea uzi wote nikimtafsiria. Ya Norris alitingisha kichwa. Ya Logan aliniomba nirudie zile ngazi. Mchimbaji, yako amecheka. Ila Mama Mishiri, nimetumwa kwako, na amesisitiza niandike leo leo: sindano ipite katikati ya ganda, si kwenye ncha, zikikauka zitachanika zidondoke. Na usizianike juani, zinapauka. Kivulini, barazani, penye upepo. Anauliza huyo shosho wako ni wa upande gani wa mlima, maana anahisi wanaotunga kwenye ncha anawajua.