MREJESHO: Kozi ya mgongo niliyoulizia

Wakuu, niliuliza kama saa 24 za masomo ambazo sisi makairoprakta (watibu wa mgongo na viungo kwa mikono) wa California tunadaiwa kila mwaka nizielekeze kwenye kusoma picha za eksirei au uandishi wa mafaili ya wagonjwa. Nimegusa vyote. Picha sikubabaika, kilichoniumbua ni faili. Niliandika “kiuno kinauma, nimekinyoosha”. Mkufunzi akacheka kwanza.

Kumbe Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani, wanataka faili lionyeshe dalili mbili kati ya nne: maumivu, mkao usiolingana, kasoro ya kujongea kwa kiungo, mabadiliko ya misuli na tishu. Na mojawapo lazima iwe mkao au kujongea! Sasa mgonjwa akiinama napima ameinama nyuzi (digrii) ngapi, naandika hapohapo.

Aliyenikumbusha kuuliza kuhusu mkojo kuziba na ganzi ya katikati ya mapaja, asante. Mgonjwa mwenye dalili hizo hanyooshwi, anakimbizwa hospitali apigwe MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku).