Naomba ushauri: baba ana saratani ya mapafu, chakula hakipandi

Wadau, shikamooni wakubwa. Baba yangu ana miaka 67, tupo Tandahimba, Mtwara. Alianza na kikohozi, akameza dawa za TB miezi kadhaa bila nafuu (kituo sikitaji), mpaka alipotema damu ndipo tukafika Ocean Road, hospitali ya saratani, Dar. Majibu: saratani ya mapafu. Sigara hajawahi kuvuta, ila salfa, ile dawa ya mikorosho, kapuliza maisha yake yote. Kama ndiyo chanzo, hakuna aliyetuthibitishia.

Kamaliza dripu ya pili ya kemo, dawa ya saratani. Kila wiki tatu tunapanda basi alfajiri, kilomita zaidi ya 500, anafika hoi hata kabla ya sindano.

Shida kubwa sasa ni kula. Anasema kila kitu kina ladha ya chuma. Juzi mama kamchemshia ming'oko, viazi vya porini, ambayo anaipenda kuliko wali. Akachukua mmoja, akautafuna weee, kisha akautema kiganjani na kuuficha chini ya mkeka tusione. Nimeacha kijiko cha bati, namlisha kwa cha mti. Uji wa ulezi unashuka kidogo.

Daktari alisema homa ikifika 38 tusisubiri kuche, twende hospitali usiku huohuo. Mliouguza huku kwetu, mlikuwa mnakimbilia wapi?

Halafu shangazi kaleta mizizi, eti inasafisha mapafu. Nimeifungia kabatini mpaka daktari aione, na shangazi kanuna, haji tena kumwona kaka yake. Nimwambieje?