Tupeane uzoefu: Ni nini kilikurudisha mazoezini ulipokaribia kukata tamaa?

Nia Safi: Jana nilikuwa natafuta kitu uvunguni mwa kitanda, nikakuta viatu vyangu vya mazoezi vimejaa vumbi huku soli zikiwa karibu mpya. Nimeanza mazoezi mara tatu, na mara zote tatu nimeacha katika wiki ya tatu au ya nne, pale mzani ambao ulikwisha kunionyesha kilo 3 pungufu unapogoma kabisa kushuka. Mliovuka hapo, mlivukaje? Naomba mtueleze yaliyowapata ninyi wenyewe.

Mtembezi: Wiki ya tatu ndiyo iliyonishinda hata mimi.

Mama Pacha: Ndugu, nami nilidhani mwili wangu una kasoro, mpaka nilipoelezwa kwamba kilo za mwanzo kwa sehemu kubwa ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hushika takriban gramu 3 za maji. Ukipunguza chakula akiba hutumika, maji hutoka, nawe unashangilia. Mafuta yenyewe huondoka polepole. Tangu hapo mzani niliufungia kabatini, nikawa napima kiuno kwa utepe wa fundi cherehani kila mwisho wa mwezi.

Alfajiri: Dada, hapo siungani nawe. Mimi niliuficha mzani, na nilipoutoa baada ya miezi minne nilikuta kilo 6 zimerudi. Sasa napima kila asubuhi, naandika kwenye daftari, na ninachokitazama ni wastani wa wiki nzima.

Mama Pacha: Kaka, wewe namba inakuongoza, mimi inaniliza. Siku iliponionyesha kilo moja zaidi nilikuwa nashinda njaa mchana, kisha usiku nakula chakula cha watu wawili. Usitake dawa yako iwe ya kila mtu.

Alfajiri: Sijamlazimisha mtu. Nimesema yaliyonipata, kama mwenye mada alivyoomba.

Hatua Fupi: Naomba niseme langu, maana limenikaa moyoni muda mrefu. Ndugu yangu mmoja alinisema kuhusu unene wangu mbele ya ukoo mzima, watu wakacheka, nami nikatabasamu ili nisilie. Usiku ule ule nilijifungia chumbani nikachuchumaa na kuinuka mara 300, mimi ambaye kwa miaka miwili kazi yangu ilikuwa ya kukaa tu. Kesho yake sikuweza kushuka ngazi, nikajiambia kwamba maumivu ndiyo dalili ya kufanikiwa. Siku ya pili mapaja yalivimba yakawa magumu kama ubao, na mkojo ukatoka rangi ya kahawa iliyokolea. Daktari alinieleza kwamba misuli ilikuwa imevunjika na protini yake imemwagika kwenye damu, na kwamba figo zinaposhindwa kuichuja huweza kusimama kufanya kazi. Nililazwa siku tano na dripu mkononi. Kilichoniumiza zaidi ni kumwona mama yangu akininyanyua miguu ili nigeuke kitandani, kama alivyofanya nilipokuwa mchanga. Daktari aliporuhusu, nilirudi kwa kutembea dakika 10, wiki iliyofuata 15, na leo mwaka wa pili unakwisha sijaacha.

Mtembezi: Pole sana. Figo zilipona?

Hatua Fupi: Zilipona, namshukuru Mungu. Mkojo ulirudi rangi yake siku ya nne.

Chuma: Mimi nilianza kwa mazoezi mazito tangu siku ya kwanza na sikupata madhara yoyote. Tusiwatishe watu.

Mama Pacha: Kunusurika kwako hakufanyi jambo hilo kuwa salama. Mkojo ukibadilika rangi hivyo baada ya mazoezi, mtu awahi hospitali, asingoje kesho.

Alfajiri: Katika hilo naungana na dada. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa kasi kunahesabiwa. Dakika hizo hazidaiwi usiku mmoja.

Chuma: Basi tafuta mwenzako wa kufanya naye. Hiyo ndiyo siri.

Mtembezi: Mwenzangu ndiye aliyeniangusha; alipoacha yeye, nami nikaacha. Bora ulale na nguo za mazoezi mwilini, ukiamka usipate pa kukimbilia.

Nia Safi: Nimesoma yote. Kumbe nilikuwa naacha pale pale maji yanapokwisha na kubaki kazi ya polepole ya mafuta. Hatua Fupi, ukiniruhusu kuuliza, yule ndugu aliyekusema anajua yaliyokupata?

Hatua Fupi: Alikuja wodini kunitazama, akakaa pembeni ya kitanda akaniuliza ni ugonjwa gani. Nilimwambia ni misuli. Siku hizi tunatembea pamoja jioni, na bado sijamwambia.