Asali ikichemshwa, bado ina hatari kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja?

Mhudumu_Ngazi_ya_Jamii: Wakuu, habari. Akina mama tukiwaambia asali isubiri mpaka mtoto atimize mwaka, jibu ni lile lile: "Nitaichemsha kwanza." Wengine hulambisha tone moja tu kwa kikohozi, au hupaka kwenye chuchu ya chupa. Je, kuchemsha kunasaidia? Na kwa nini mwaka mzima, wakati uji unaanza miezi 6?

Maabara_ya_Chakula: Hakusaidii. Kwenye asali, Clostridium botulinum hukaa kama spora, yaani bakteria aliyelala ndani ya ganda gumu. Hali, hazaliani, na maji yanayochemka hayamuui. Viwanda vya makopo hutumia mvuke wenye mgandamizo, nyuzi 121 kwa dakika 3 hivi. Sufuria haifiki huko.

Wengi wanachanganya spora na sumu. Sumu ya bakteria huyu huharibika ikichemshwa dakika 10, ni kweli. Lakini kwenye asali tatizo ni spora. Sumu hutengenezwa baadaye, ndani ya utumbo mpana wa mtoto. Mtu mzima ana bakteria wengi tumboni wanaoziba nafasi, kwa hiyo spora humpitia zikatoka na choo. Utumbo wa mtoto bado hauna ulinzi huo. Wagonjwa wengi huwa chini ya miezi 6, ila hatari haikomi siku hiyo, ndiyo maana mpaka umewekwa miezi 12. Asali ya msituni au ya dukani, hukumu ni moja, na tone moja linaweza kutosha. Harufu na ladha hazikuambii kitu.

Muuguzi_wa_Watoto: Naongeza dalili za sumu hii, maana ni rahisi kutozitambua. Mara nyingi huanza na kukosa choo, na mama hashtuki kwa kuwa anayenyonya anaweza kukaa siku kadhaa bila choo. Tazama yanayofuata: kunyonya kwa unyonge, sauti ya kilio kufifia, kope kulegea, uso usioonyesha hisia, kisha shingo kushindwa kushika kichwa. Ulegevu hushuka kutoka kichwani kwenda chini, na kwa kawaida homa haipo. Ukifika kwenye misuli ya kupumua, anahitaji mashine. Usimlazimishe kunywa chochote, atapaliwa. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Hospitalini itajeni asali bila kuona haya, hata kama alilambishwa wiki 3 zilizopita, kwani dalili huchukua siku 3 hadi 30. Mtoto aliyelegea mara nyingi hutibiwa kama mwenye maambukizi ya damu, na jentamaisini, antibiotiki anayopewa, huweza kuzidisha ulegevu huu.

Mhudumu_Ngazi_ya_Jamii: Asante sana. Mama anayenyonyesha aache asali? Na kikohozi tuwape nini?

Muuguzi_wa_Watoto: Mama ale tu, spora hazipiti kwenye maziwa yake. Anawe mikono, asipake asali kwenye titi. Kwa kikohozi, anyonyeshe mara kwa mara na asafishe pua kwa matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa. Hesabuni pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, au 50 na zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, ni kituo cha afya leo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, msisubiri hata kuhesabu.

Maabara_ya_Chakula: Kwa wanaotumia maziwa ya unga: nayo yanaweza kuwa na vijidudu. Bakteria aitwaye Cronobacter huishi kwenye unga mkavu miezi mingi, na humdhuru zaidi njiti na aliye chini ya miezi 2. Huyu si spora, joto linamuweza. Koroga kwa maji yaliyochemka yasiyopungua nyuzi 70, yaani yasipite dakika 30 tangu yaipuliwe, kisha poza chupa kwenye maji baridi. Yanyweke ndani ya saa 2, yakibaki mwaga.