Ea klina na ekzosi mpya: nipime kwa simu, OBD, GPS ya nje au daino?

Mwana_Uyole

Wakuu, habari za jioni. Gari ni Toyota IST ya 1.5, otomatiki, ruti yake ni Uyole hadi Mbalizi, hapa Mbeya. Nataka kufunga ea klina ya koni (ile ya wazi, isiyokaa ndani ya boksi) na ekzosi yenye bomba pana kuanzia katikati kwenda nyuma. Kabla sijatoa hela nataka njia ya kujua kama gari inachanganya haraka zaidi kweli, maana sikio linadanganya: mlio ukiwa mkubwa unaona kama gari inaruka. Njia nilizozisikia ni programu ya simu, kifaa cha OBD (kinachomekwa kwenye soketi ya gari kusoma data zake), kile kiboksi cha GPS cha kununua, na daino (mashine ya kupima nguvu gari ikiwa imefungwa mahali pamoja). Ipi inafaa kwa mazingira yetu ya huku juu?

Fundi_Kihesa

Kamwene. Kabla ya kuchagua kifaa chagua kipimo. Achana na 0 hadi 100. Kuondoka kwenye sifuri kunaharibiwa na tairi kuteleza, na namna unavyoachia breki, na gia inavyobadilika katikati. Pima mwendo ukiwa tayari unatembea, ndani ya gia moja tu.

Kwa IST otomatiki weka lever kwenye 2, halafu pima 60 hadi 90. Usianzie 40. Ukikanyaga mafuta yote ukiwa 40, gia inashuka hadi ya kwanza, inavuta, kisha inarudi ya pili, na mabadiliko hayo hayatokei sehemu ileile kila mara. Ukianzia 60 gia ya kwanza haiwezi tena kuingia, inabaki ya pili mwanzo hadi mwisho. Kanyaga mafuta yote ukiwa kwenye 52 au 53, ili ikifika 60 injini iwe imeshatulia kwenye mvuto.

Mwenye gia za mkono ana raha zaidi: gia ya tatu, klachi imeachiwa kabisa, anaanza injini ikiwa mizunguko 2,500 kwa dakika na kuishia 5,500.

Tanzam_Data

Fundi kasema la msingi. Mimi naongeza hesabu, kwa sababu bila hesabu hutajua kifaa chako kinatosha au hakitoshi.

Gari ikiwa na kilo 1,200 pamoja na dereva, kuitoa 60 hadi 90 km/h kunahitaji nishati ya kama jouli 208,000. Tuseme inatumia sekunde 5.2. Hiyo ni wastani wa kilowati 40 zinazofika barabarani, ukiacha zinazoliwa na upepo na tairi. Ikitumia 5.1, ni kilowati 40.8. Kwa hiyo kwenye gari hii sekunde 0.1 ni sawa na farasi 1 (hp 1) hivi. Muuzaji akikwambia ea klina inaongeza farasi 10, muda ungetakiwa kushuka hadi kama 4.4. Tofauti ya namna hiyo ungeiona hata kwa saa ya mkononi. Kinachowezekana kwenye injini ya 1.5 isiyo na turbo (feni ya kusukuma hewa ndani ya injini) ni farasi 1 hadi 3, yaani kitu cha sekunde 0.1 hadi 0.3. Kifaa chako lazima kione hapo.

Sasa vifaa.

Programu ya simu inayotumia GPS ya simu: simu nyingi zinachukua nafasi na mwendo mara 1 kwa sekunde. Mbio ya sekunde 5 inakupa nukta 5 tu, na simu yenyewe inalainisha namba kabla ya kukuonyesha. Sekunde 0.1 inapotea humo.

Programu inayotumia sensa ya mtikisiko ndani ya simu ni mbaya kuliko hiyo. Gari ikivuta, pua inanyanyuka. Ikinyanyuka nyuzi 1 tu, sensa inahesabu sehemu ya uzito wa dunia kama mwendo: mita 0.17 kwa sekunde kila sekunde. Gari yako yenyewe inavuta kama 1.6. Hapo umeshakosea asilimia 10 kabla hujaanza.

OBD: mwendo unatoka kwa namba nzima, 60, 61, 62. Km/h 1 kwenye mvuto huo ni sekunde 0.17. Vifaa vya OBD vya bei ya chini, vile vya chipu ya ELM327, vinajibu mara chache kwa sekunde, na ukiomba vitu vingi kwa pamoja vinazidi kuwa vizito. Halafu baadhi ya gari za Japani za kabla ya 2008 hazielewani navyo kabisa, kwa hiyo jaribu cha kuazima kabla ya kununua.

Kiboksi cha GPS cha nje, kama Dragy au RaceBox: mara 10 hadi 25 kwa sekunde, na mwendo kinausoma kutoka kwenye mawimbi ya setilaiti yenyewe, kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya km/h. Kwa kazi hii ndicho chenye jicho linalotosha. Kiweke juu ya dashibodi karibu na kioo, kiache dakika kadhaa kikamate setilaiti, na usipimie chini ya miti.

Makambako_Upepo

Mkuu Tanzam_Data, kuna njia ya bei rahisi umeiruka: kurekodi dashibodi kwa video ya fremu 60 kwa sekunde, kisha kuhesabu fremu kati ya mshale kugusa 60 na kugusa 90. Fremu moja ni sekunde 0.017. Spidomita inazidisha, lakini inazidisha vilevile kabla na baada, na tunachotafuta ni tofauti tu.

Tanzam_Data

Ni kweli, na kwa asiye na hela ya kiboksi ndiyo naipendekeza, ila na masharti mawili. Simu ifungwe ikitazama mshale moja kwa moja, kwa sababu ikikaa pembeni mshale unaonekana umefika kabla haujafika. Na usibadili saizi ya tairi wala rimu katikati ya jaribio. Ukifunga tairi ndogo, mshale unawahi 90 wakati gari haijafika, na utashangilia bure. Hata hivyo kusoma mshale kwa macho kunaacha kosa la karibu km/h 1, kwa hiyo ongeza idadi ya mbio: 10 kwenda na 10 kurudi, badala ya 5 na 5 za kiboksi.

Kwa gari ya gia za mkono rekodi mshale wa mizunguko badala ya spidi, ni sahihi zaidi. Kwa otomatiki usifanye hivyo: ile konveta ya gia (inayounganisha injini na giaboksi kwa mafuta) inateleza, na mizunguko haifuatani na matairi moja kwa moja.

Fundi_Kihesa

Nirudi kwenye barabara, maana huku kwetu ndipo watu wengi wanapopotea. Mwinuko wa asilimia 1 ni mita 1 kwenye mita 100. Jicho haliuoni. Kwenye IST hiyo, kupanda asilimia 1 kunaitoa 5.2 hadi 5.5, kushuka kunaileta 4.9. Yaani kilima usichokiona kinakupa au kukunyima farasi 3, sawa na ekzosi nzima. Ndiyo maana ni lazima kwenda na kurudi kwenye kipande kilekile, alama ileile ya kuanzia (nguzo ya kilometa au daraja dogo), halafu unachukua wastani wa pande mbili. Mbio za upande mmoja zitupe.

Makambako_Upepo

Na upepo. Huku Makambako kila mtu anaujua, lakini hata Mbeya mchana unavuma. Upepo wa uso wa km/h 11, ule wa kutikisa majani tu, unakula zaidi ya sekunde 0.1 kwenye mbio ya 60 hadi 90. Kwenda na kurudi kunausawazisha kama haubadiliki, na mchana unabadilika kila dakika. Pima saa 12 na nusu hadi saa 2 asubuhi.

Mwana_Uyole

Nimewaelewa. Nilifikiria kupimia kabla huku Uyole, halafu baada ya kufunga nipimie kule tambarare ya Usangu, kati ya Chimala na Igawa, maana barabara imenyooka. Kuna shida?

Tanzam_Data

Shida kubwa. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700, hewa ina mgandamizo wa kama hektopaskali 825. Chimala ni karibu mita 1,100, unakuta kama 890. Injini isiyo na turbo inavuta kile hewa inachoipa, kwa hiyo kushuka tu bondeni kunakupa asilimia 7 hadi 8 za bure. Joto la Usangu linarudisha kama nusu ya hizo. Utafunga koni, utashuka Chimala, utaona farasi 3 zimeongezeka, na hazitakuwa za koni.

Joto lenyewe hesabu hivi: kila nyuzi 3 zinazopanda, hewa inapungua asilimia 1. Asubuhi ya nyuzi 10 na mchana wa nyuzi 25 zinatofautiana asilimia 5, ambayo ni karibu sekunde 0.25 kwenye kipimo chako. Mahali pamoja, saa ileile, mafuta kiwango kilekile (lita 20 ni kilo 15), na mtu wa kushika simu akikaa, akae kwenye mbio zote. Abiria wa kilo 60 ni sekunde 0.26.

Kipande chochote utakachochagua, kiwe nje ya vijiji na vibao vya 50, kisiwe na njia panda wala watu wanaotembea pembeni. Barabara ya Tanzam ina malori usiku na mchana. Ukiona taa kwa mbali, mbio imekufa, rudia. Ukipata eneo lililofungwa na ruhusa ya mwenyewe, ni bora zaidi: mita 350 zinatosha kwa kuanza, kupima na kusimama.

Fundi_Kihesa

Sasa kosa ambalo hata mafundi tunalifanya. Mteja analeta gari ina ea klina ya zamani imejaa vumbi la Chunya, plagi zimechoka. Tunafunga koni, tunachomoa teminali ya betri, tunabadili na plagi tukiwa palepale. Gari inatoka nyepesi, sifa zote zinaenda kwa koni. Vitu vitatu vimebadilika, na cha nne ni kontroli boksi (kompyuta ya injini): ukichomoa betri inasahau marekebisho iliyokuwa imejifunza na kuanza upya.

Utaratibu wangu ni huu. Kwanza weka ea klina MPYA ya kawaida na plagi nzima, chomoa betri dakika 15, endesha siku tatu au nne ijifunze. Hapo ndipo unapima hali ya kawaida. Funga koni peke yake, chomoa betri vilevile, endesha siku zilezile, pima. Kisha RUDISHA ea klina ya kawaida, upime tena. Watu hawapendi hatua ya tatu na ndiyo inayosema kweli. Namba za kwanza na za tatu zikifanana, tofauti ya katikati ni ya koni. Zisipofanana, kuna kitu kingine kimebadilika na huwezi kuhukumu chochote. Ekzosi ije baada ya hapo, kwa mzunguko wake.

Makambako_Upepo

Koni ina mtego wake: inakaa wazi ndani ya boneti na kuvuta hewa ya moto wa injini. Hapo ndipo OBD inaleta faida kuliko kwenye mwendo. Soma joto la hewa inayoingia. Kwa ea klina ya kawaida, gari ikitembea, namba inakaa juu kidogo ya joto la nje. Ukifunga koni ikapanda nyuzi 15 zaidi, umepoteza asilimia 5 ya hewa, na hakuna koni itakayozirudisha. Inahitaji kava na bomba la kuchukua hewa ya mbele.

Koni za kupakwa mafuta nazo, ukizidisha mafuta yanarukia waya wa sensa ya hewa, sensa inasoma uongo, gari inakula mafuta na kuvuta vibaya. Na fundi akiunganisha ekzosi ikavuja kabla ya sensa ya oksijeni, hewa ya nje inaingia, sensa inadhani injini ina njaa ya mafuta, kontroli boksi inaongeza.

Forester_Iringa

Swali la pembeni: kwa turbo utaratibu ni huuhuu? Na hiyo daino vipi?

Tanzam_Data

Utaratibu uleule, ila ipe gari nafasi ya kupoa. Intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) ya Forester iko juu ya injini. Ukisimama dakika 5 inapikwa, ukirudia mbio haraka haraka inabaki ya moto. Tembea polepole dakika 3 kati ya mbio na mbio, kila mara dakika zilezile, na mbio ya kwanza usiihesabu.

Daino ni nzuri kwa sababu haina upepo wala kilima. Mtego wake ni masahihisho ya mwinuko. Mashine inazidisha namba ili ionekane kama uko usawa wa bahari, na kwa mita 1,700 inaweza kuongeza asilimia 20 na zaidi. Kwa IST hiyo ni haki. Kwa turbo ni zawadi, kwa sababu turbo imeshafidia sehemu ya hewa iliyopungua. Omba karatasi ya namba zisizosahihishwa, na mbio zote zifanyike siku moja bila kufungua mikanda inayoishikilia gari kwenye mashine.

Mwana_Uyole

Ndaga fijo wakuu. Basi naazima kiboksi cha GPS, lever kwenye 2, 60 hadi 90, mbio 5 kwenda na 5 kurudi. Nikishapata namba nachukua ile bora kila upande?

Tanzam_Data

Hapana, ile bora ndiyo yenye bahati ya upepo. Zipange kwa ukubwa, chukua ya katikati kila upande, kisha wastani wa hizo mbili. Tazama na mtawanyiko: tuseme mbio za hali ileile zinatoka 5.1 hadi 5.4, halafu koni inakupa ya katikati nafuu kwa 0.05. Hiyo imemezwa na mtawanyiko, andika "haijaonekana". Ikiwa 0.2 na mbio karibu zote za koni ziko chini ya za kawaida, hapo umepata kitu.

Fundi_Kihesa

Presha ya tairi pima kabla hujawasha gari, zikiwa za baridi, kwa geji moja siku zote. Kisha tembea kilometa 15 hadi 20 kabla ya mbio ya kwanza, mafuta ya gia yapate moto. Gia ya baridi asubuhi ya Uyole mwezi wa 7 inaweza kukuibia zaidi ya unachokitafuta.